Vifaranga wa samaki hawakui: kutafuta kosa unapotumia soya, funza na protini nyingine badala ya sambaza

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, protini ya mfugaji wa samaki imekuwa sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, tangu zamani. Unapanda soko la Kadutu, unanunua, unatwanga, unachanganya na pumba, unaenda kulisha. Lakini sambaza ni mboga ya watu kwanza. Samaki huyu aliletwa ziwa Kivu kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndiye anayefanya sufuria ya familia nyingi inukie jioni. Sisi wafugaji tukishindana na mama wa watoto watano kununua kilo moja ileile, tunapandisha bei na yeye ndiye anayeumia. Kwa sababu hiyo naunga mkono kwa moyo wote wanaotumia soya, funza wa nzi-askari mweusi, damu ya machinjio, turto (mashudu) ya karanga na dreshi (machicha) ya kiwanda cha bia.

Tatizo ni kwamba simu nyingi ninazopokea zinatoka kwa watu waliojaribu, wakapoteza vifaranga (wengi wetu tunawaita alevini), wakaapa kutorudia. Nimefuatilia mengi ya malalamiko hayo, kuanzia Kabare hadi Nyangezi, na mara nyingi soya au funza hawakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa jikoni, pale chakula kilipotayarishwa, au lilikuwa kwenye baridi ya maji. Basi nimeyapanga hapa kwa dalili, kama watu wanavyonieleza. Kila dalili ina sababu zake, na kwa kila moja ninaanza na sababu ninayoikuta mara nyingi zaidi.

Kabla ya yote, uwe na kipimajoto cha maji, mizani midogo ya gramu na daftari. Kila ukichanganya chakula kipya, weka konzi mbili kwenye chupa kavu, funga, andika tarehe. Chupa hiyo ndiyo shahidi wako siku mambo yatakapoharibika.

Wanakuja, wanaonja, wanatema

Chukua chupa ya kioo au gilasi pana, jaza maji ya bwawa, weka vifaranga watano na uwaache dakika kumi watulie. Kisha nyunyiza chakula kidogo kati ya vidole viwili. Sogeza uso karibu uangalie midomo. Kipimo hiki hakina gharama, na kitakuonyesha jambo ambalo bwawa haliwezi kukuonyesha.

Ukiona kifaranga anachukua punje, anaizungusha mdomoni, anaitoa, anairudia, anaitoa tena, punje ni kubwa. Hili ndilo kosa la kwanza kwa wanaotwanga kwenye kinu. Funza aliyekaushwa ana ngozi ngumu inayobaki kama vipande vya plastiki hata baada ya kutwangwa, na ganda la soya linafanya vilevile. Kifaranga wa chini ya nusu gramu anahitaji unga laini kabisa, chini ya nusu milimita. Wa nusu gramu hadi gramu moja anaweza punje ya nusu milimita hadi milimita moja. Peleka mchanganyiko mashine ya kusaga, kisha uchekeche kwa kitambaa chepesi cha pazia au kichujio cha chai. Kinachobaki juu warudishie samaki wakubwa, kisitupwe.

Kama hawakaribii kabisa, chovya kipimajoto kabla ya kulaumu chakula. Tilapia hula na kukua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 27 na 30, na kambale naye hayuko mbali na hapo. Chini ya 20 hamu inashuka sana, na kwenye 16 tilapia karibu anaacha kula. Ziwa letu liko mita 1,460 juu ya bahari, na mabwawa ya Kabare yako juu zaidi. Asubuhi za Juni na Julai bwawa langu husoma 18. Ukilisha saa kumi na mbili asubuhi kama wanavyofanya watu wa Uvira, kule chini kwenye joto la Tanganyika, unalisha matope. Hapa kwetu subiri saa nne, jua liguse maji, na ulishe kwa mara ya mwisho saa kumi jioni.

Sababu ya tatu ni haraka. Mtu anamaliza gunia la chakula cha kununua Jumamosi, Jumapili anamwaga mchanganyiko wa funza peke yake. Samaki anajua chakula kwa harufu. Badilisha kwa siku saba hadi kumi: siku mbili za kwanza robo mpya na robo tatu ya zamani, halafu nusu kwa nusu, halafu robo tatu mpya, ndipo umalize.

Baada ya hapo nusa. Mafuta ya funza na ya soya yakikaa kwenye joto na hewa yanachacha, na harufu yake inafanana na mawese ya zamani yaliyosahauliwa nyuma ya mlango. Chakula cha namna hiyo usikichanganye na kipya ili kiishe. Kinaua vitamini zilizomo na kinaharibu ini la samaki. Kimwage kwenye shimo la mbolea. Mwisho kabisa, kama unatumia damu kavu, angalia kiasi. Ina protini zaidi ya asilimia 80 na inavutia kwenye karatasi, ila haina methionini wala isolusini (viambata vinavyojenga protini) ya kutosha, na ikizidi samaki wanaikataa. Kwa vifaranga mimi sivuki asilimia 5.

Neno moja kwa wanaototolesha kambale: lava wa kambale akimaliza kiini cha yai, siku tatu hivi baada ya kutotolewa, utumbo wake bado haujawa tayari kwa unga mkavu wa aina yoyote. Juma la kwanza mpe chakula hai, yaani viroboto wa maji au artemia (uduvi wadogo mno). Hapo usilaumu soya wala funza, ni mapema mno. Vifaranga wa tilapia wao wanapokea unga laini tangu mwanzo.

Wanakula vizuri lakini hawakui

Lalamiko hili linanifikia kuliko yote, na ndilo linalokatisha watu tamaa, kwa sababu hakuna anayekufa na hakuna anayenenepa. Kabla ya kusema hawakui, pima. Kamata vifaranga 30 kwa wavu, wapime pamoja kwenye kopo la maji ulilolipima kwanza, gawa kwa 30, andika. Rudia kila Jumamosi. Jicho linadanganya sana kwa samaki unaowaona kila siku.

Sababu ya kwanza ni soya isiyoiva. Soya mbichi ina vizuizi vinavyofunga vimeng'enya vya tumboni, hivyo protini inapita tu bila kutumika. Joto ndilo linaloviharibu. Watu wanajua hili, wanakaanga, lakini wanakaanga haraka kwa moto mkali: nje nyeusi, ndani mbichi. Mama mmoja wa Nyangezi alinipigia akisema, "Papa, soya nimeikaanga mimi mwenyewe, si mtoto." Nikamwomba achukue punje moja ya nyeusi kabisa aivunje kwa meno, ale nusu ya ndani. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Inaonja kama majani." Ladha hiyo ya majani mabichi na maharage mabichi ndiyo jibu lenyewe. Punje iliyoiva ina ladha ya karanga, na ndani ina rangi ya kahawia hafifu iliyo sawa kuanzia ganda hadi kati.

Njia ninayoiamini zaidi ni kuchemsha. Loweka soya usiku kucha, mwaga maji, chemsha, mwaga maji tena, anika hadi ivunjike ka!, ndipo usage. Vitabu vinasema dakika 30. Ila vitabu vingi viliandikwa kwa watu wa pwani. Kwenye mwinuko wetu maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo ongeza dakika 15. Ukipenda kukaanga, moto uwe mdogo, ukoroge bila kuacha. Usiiunguze pia, kwa sababu joto kali mno linaharibu lisini, kiambata kingine cha protini, ambayo kifaranga anaihitaji sana.

Sababu ya pili ni protini iliyo kwenye karatasi tu. Kifaranga wa tilapia wa chini ya gramu moja anahitaji chakula chenye protini asilimia 40 hadi 45. Wa gramu moja hadi kumi anahitaji 35 hadi 40. Kambale mchanga anataka zaidi, karibu na 50 mwanzoni. Sasa tazama mchanganyiko ambao baba mmoja wa Miti aliniletea kwenye kipande cha karatasi, wa kilo 10: dreshi kavu kilo 4, soya 3, sambaza 1.5, pumba za mchele 1.5. Alidhani amefika 40. Tukahesabu pamoja. Dreshi ina asilimia 25 hivi, kwa hiyo kilo 1. Soya nzima isiyokamuliwa ina 37, kwa hiyo kilo 1.11. Sambaza safi ina 60, kwa hiyo kilo 0.9. Pumba zina 12, kwa hiyo kilo 0.18. Jumla ni kilo 3.19, yaani asilimia 32, na hapo kila kitu kikiwa safi. Tena karibu nusu ya chakula hicho ni dreshi, yenye nyuzinyuzi nyingi ambazo tumbo la kifaranga haliwezi. Dreshi ni chakula kizuri cha samaki wa gramu 50 na kuendelea, na cha nguruwe. Kwa kifaranga ni kujaza tumbo.

Na si kila kitu kinakuwa safi. Tia konzi ya sambaza kwenye gilasi ya maji, koroga, acha itulie. Ukiona mchanga chini, ulinunua mchanga kwa bei ya samaki. Pumba nazo zisugue kiganjani: zikichoma na kukwaruza, zimechanganywa na makapi ya mpunga.

Huu ndio mchanganyiko ninaoutumia kwa vifaranga, kilo 10: sambaza 3.5, soya iliyochemshwa 3, funza waliokaushwa na kukamuliwa mafuta kidogo 1.5, pumba laini 1, unga wa muhogo 0.8, vitamini na madini 0.2. Unafika karibu asilimia 40. Utaniuliza, mbona sambaza bado nyingi? Kwa sababu vifaranga 1,000, kuanzia wakiwa wadogo kama chawa hadi gramu moja, hawamalizi kilo tatu za chakula kwa jumla. Ukibana sambaza hapo unaokoa kopo moja na kupoteza msimu mzima. Akiba ya kweli iko kwa samaki wakubwa wanaokula magunia. Wakipita gramu 10 nashusha sambaza hadi kilo 1.5, soya inapanda hadi 4, pumba 2, vingine vinabaki vilevile, na protini inasimama kwenye 32, inayowatosha. Wakizidi kukua naendelea kuipunguza. Hapo ndipo sambaza inabaki kwa watu.

Sababu ya tatu ni baridi, niliyoisema juu. Maji ya nyuzi 20 yatakupa ukuaji wa polepole hata ukilisha chakula cha dhahabu. Punguza mtiririko wa maji ya kijito usiku na uchimbe sehemu ya vifaranga mahali penye jua. Wengine wanafunika mabwawa madogo kwa plastiki angavu, na wanapata nyuzi kadhaa zaidi.

Sababu ya nne ni kipimo. Kifaranga wa gramu moja anakula kama asilimia 10 ya uzito wake kwa siku. Vifaranga 1,000 wa gramu moja wana kilo moja, kwa hiyo gramu 100 kwa siku, gramu 20 mara tano. Maji yakiwa baridi, nusu ya hapo. Wengi wanaolalamika wanalisha mara mbili kwa siku kwa konzi, na tumbo la kifaranga ni dogo kuliko punje ya mtama.

Ukimaliza haya yote na bado hakuna mabadiliko, shuku upungufu wa methionini, hasa kama soya na turto ya karanga ndizo zinazobeba karibu protini yote. Kunde zote zina upungufu huo. Dawa rahisi ni kurudisha sambaza kidogo. Methionini ya unga inauzwa na wanaotengeneza chakula cha kuku, lakini hapo mshirikishe mtu anayejua kupima, kwa sababu ni gramu chache kwa kilo.

Maji yamekuwa ya kijani kibichi, yananuka, na alfajiri wako juu wanapumua

Acha kulisha leo. Kabisa, usitoe hata mlo mmoja. Kifaranga mwenye afya anaweza kukaa siku moja bila chakula, lakini hawezi kukaa saa moja bila oksijeni. Fungua maji safi yaingie, na yaanguke kutoka juu ili yachukue hewa. Huna kijito? Chukua ndoo, chota, mwaga kwa juu, rudia. Nimefanya hivyo na majirani kuanzia saa kumi usiku hadi jua lilipotoka, na tuliokoa wengi.

Kisha tafuta sababu. Mara nyingi chakula kinavunjika majini kabla ya kuliwa. Mimina kijiko kimoja kwenye sahani nyeupe yenye maji na uangalie saa. Kama baada ya dakika tano sahani imekuwa kama uji, na kwenye bwawa iko hivyo: samaki anapata theluthi moja, bakteria wanapata zilizobaki, na wao ndio wanaomaliza oksijeni. Pika unga wa muhogo uwe uji mzito, kama bugali laini, changanya chakula chote humo kikiwa bado moto, pitisha kwenye mashine ya kusaga nyama, anika, kisha uvunje na kuchekecha kwa saizi. Vitamini zitie mwisho, mchanganyiko ukishapoa.

Pengine unalisha zaidi ya wanachomaliza. Mlo mmoja uishe ndani ya dakika 10. Tumia sinia iliyoning'inizwa kwa kamba sentimita 20 chini ya maji, uivute uone kilichobaki. Tena zamisha mkono: kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kiwiko, rutuba imezidi, na hakuna haja ya samadi wala dreshi mbichi kwa sasa. Dreshi mbichi, kwa kweli, isiingie kamwe kwenye bwawa la vifaranga. Ina maji mengi na inachacha ndani ya siku mbili.

Kumbuka kwamba kambale mchanga si kambale mkubwa. Watu wanasema kambale anaishi hata matopeni. Ni kweli akikomaa, lakini kiungo chake cha kuvuta hewa ya juu kinaanza kufanya kazi majuma mawili hadi matatu baada ya kutotolewa. Kabla ya hapo anakufa kwa kukosa oksijeni kama samaki mwingine yeyote.

Tumbo limevimba, au anaburuta kinyesi kirefu cheupe

Ukiwaona wachache hivyo saa moja baada ya kula, wameshiba kupita kiasi. Ruka milo miwili, rudi na kiasi kidogo mara nyingi. Wakiendelea kuwa hivyo hadi asubuhi, chunguza chakula. Unga wa muhogo au mahindi usiopikwa haumeng'enywi vizuri na kambale mchanga. Funza waliovunwa wakiwa wameshageuka weusi nao ni tatizo: wanapokaribia kuwa nzi ngozi yao inajaa kitini, kile kinachofanya ganda la mdudu kuwa gumu, na tumbo dogo linashindwa. Vuna wakiwa bado weupe au rangi ya krimu. Watie kwenye maji yanayochemka dakika mbili tatu ili kuua vijidudu, uwaanike, uwakamue. Hawa funza wanapenda joto la nyuzi 27 hadi 30, na hapa kwetu wanachelewa, kwa hiyo mfugaji anachoka kusubiri, anawasahau, wanakuwa weusi. Weka masanduku yao ndani ya kibanda cha plastiki.

Jambo ambalo nalisema bila kulainisha: funza waliokulia kwenye kinyesi cha binadamu, mizoga, au takataka zenye betri na rangi wasilishwe samaki watakaoliwa na watu. Walishe mabaki ya jikoni, maganda ya ndizi, matunda yaliyooza na dreshi. Hapo ndipo dreshi inapata kazi yake nzuri.

Simama na uite daktari wa mifugo kama tumbo limevimba pamoja na magamba kusimama, macho kutoka nje, au madoa mekundu kwenye ngozi. Hayo si mambo ya chakula tena, ni maambukizi. Usinunue antibiotiki za kuku dukani ukazimwaga bwawani. Hazitafika mahali pa ugonjwa, na samaki huyo atafika mezani kwa mtu akiwa na dawa ndani yake.

Mgongo umepinda, macho yameingia ukungu, kichwa cha kambale kimepasuka

Ni upungufu wa vitamini C, karibu kila mara, ikiwa ni mgongo au fuvu. Samaki hawa hawaitengenezi wenyewe. Soya, funza na damu hazileti ya kutosha, na hata uliyoiweka inakufa kwa joto na kwa kukaa. Mtu aliyetia vitamini kwenye uji unaochemka ameitupa. Nunua ile iliyotengenezwa kustahimili joto na kukaa siku nyingi, yaani iliyofungwa na fosfeti, au utie ya kawaida chakula kikishapoa na ukimalize ndani ya majuma machache. Waliopinda hawatanyooka. Watenge, ila waliobaki wataokoka.

Fosforasi inafuata. Ile iliyo ndani ya soya na pumba imefungwa na fitati, kemikali iliyo ndani ya mbegu, na samaki hana uwezo wa kuifungua. Unga wa mifupa uliochomwa vizuri, au madini ya kuku yenye fosfeti, husaidia. Fitati hiyohiyo inashika zinki, na zinki ikipungua, au methionini ikipungua, jicho linaweza kuingia mtoto wa jicho. Kama wamepinda tangu siku ya kwanza kabla hujawalisha chochote, basi ni wazazi au joto la kutotoleshea. Zungumza na aliyekuuzia.

Kambale wanakulana

Wapange kwa saizi kila juma, wakubwa peke yao. Lisha mara nyingi, hata mara moja usiku, kwa sababu kambale anakula gizani. Waweke mahali penye kivuli. Ikiwa ulanaji ulianza siku ileile ulipobadilisha chakula, rudi kwenye chakula cha zamani: njaa ndiyo iliyowafundisha.

Wanakufa wengi kwa ghafla

Hapa usijaribu kujitibu. Sitisha chakula, fungua maji safi, na ujiulize nini kilibadilika katika siku tatu zilizopita. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Soya ya mbegu. Mbegu za kupanda hupakwa dawa ya kuua wadudu na kuvu, mara nyingi na rangi ya waridi au nyekundu. Msimu ukipita, mabaki yanauzwa kwa bei ya chini. Kuosha hakuondoi sumu. Soya yenye rangi isiyo ya kawaida isiingie kwa samaki, kuku wala sufuria ya nyumbani.

Turto ya karanga au mahindi yenye kuvu. Aflatoksini, sumu inayotokana na kuvu, haiondoki kwa kupika, kukaanga wala kuanika. Pasua samaki watatu waliokufa sasa hivi: ini zuri lina rangi ya kahawia nyekundu na limekaza. Likiwa la manjano, limepauka au linavunjika kidoleni, chakula kina shaka kubwa. Chakula chochote chenye kuvu kichomwe. Ukimpa nguruwe, umehamisha sumu tu.

Sombe mbichi. Majani ya muhogo yana sayanidi. Yakatekate, yaache yanyauke, yaanike hadi yakauke kabisa, na kwa vifaranga yasizidi sehemu moja ya kumi ya chakula. Kuna pia sambaza iliyopuliziwa dawa ya wadudu ili isiharibike ghalani: ikinuka dawa, au ukiona hata nzi haitui, usinunue.

Ita mtaalamu siku hiyohiyo ukipoteza zaidi ya samaki watano katika kila mia kwa siku moja, ukiona vidonda au mabaka meupe kama pamba, au wakizunguka kama waliolewa. Anza na daktari wa mifugo wa eneo lako au huduma ya mkoa ya kilimo, uvuvi na ufugaji. Watafiti wa CRSN Lwiro (kituo cha utafiti wa sayansi za asili) na wa kituo cha hidrobiolojia cha Uvira wanajua maji na samaki wetu. Usihamishe samaki, wavu wala ndoo kutoka bwawa hilo kwenda kwa jirani mpaka ijulikane ni nini.

Unapoenda kwao beba vifaranga kumi walio hai lakini wanaoonyesha dalili, ndani ya mfuko wenye theluthi moja maji na theluthi mbili hewa. Samaki aliyekaa juani saa mbili hasomeki tena. Beba chupa ya maji ya bwawa iliyojazwa hadi mdomoni, daftari lako, na ile chupa kavu ya chakula yenye tarehe uliyoifunga siku ulipochanganya.